Muhula Niliosomwa Usoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi leo na tayari nimeshtuka mara tatu. Kwanza, mashine ya kurudufu mitihani imekufa. Fundi aliyeitwa alifungua kifuniko, akachungulia, akakirudisha, akaaga. Pili, kidato cha tatu walikosa swali la hali za kitenzi kwenye mtihani wa Kiingereza wa mwaka jana. Sisemi wengi wao walikosa. Walikosa wote. Tatu, Mkuu wa shule, mama mnene mwenye sauti ndogo, ameniambia darasa hilo ndilo langu na kwamba niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa muhula. Likifaulu swali hilo kwenye mtihani wa pamoja na shule jirani, nathibitishwa kazini. Likianguka tena, tutaagana vizuri. Alilisema hilo "vizuri" huku akitabasamu.

Jioni nilimsimulia mama yote haya nikiwa jikoni naosha vyombo. Yeye alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, mlango wazi kati yetu. Hakunijibu hata pole. Tangu niachane na mume wangu nikarudi kuishi kwake, ndivyo tulivyo. Hakuna mtu anayejua kununa kama mama yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nilianza somo kwa upole. Nikawaambia kitenzi kina hali: kuna sentensi inayoarifu jambo tu, kuna inayoamuru, na kuna inayosema jambo ambalo halipo, linalotamaniwa au kudhaniwa tu. Nikaandika ubaoni "If I were you", yaani ningekuwa wewe, nikauliza hiyo ni hali gani. Kijana mmoja akasema ni amri. Nikamuuliza kwa nini. Akasema baba yake akianza hivyo, lazima jambo hilo ulifanye.

Darasa zima likamuunga mkono. Nilicheka mpaka nikakaa, kisha nikakumbuka majaribio yangu na kicheko kikakauka.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata dawa. Nilimwomba mama mabaki ya vitambaa. Nilisimama mbele yake nikamweleza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alinisikiliza mpaka mwisho, macho hayatoki usoni kwangu. Akanikatia vipande vya rangi tatu, akavipiga na pindo kabisa visichanike. Kila mwanafunzi ana cheupe cha kuarifu, chekundu cha kuamuru, na cha bluu cha kutamani. Mimi nasoma sentensi, wao wananyanyua kitambaa. Karatasi haihitajiki, na madaftari nimeyapa likizo. Darasa ni kubwa mno kusahihisha madaftari kila siku.

Leo ilikuwa vurugu tupu, lakini walifurahi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza. Mama kashona gauni la mteja mikono mirefu badala ya mifupi. Mteja amefoka. Mama anashikilia kwamba hakuambiwa.

Alhamisi, 20 Machi

Siamini. Katikati ya kipindi mvua ilishuka juu ya bati kama mtu kamwaga kokoto. Hata sauti yangu mwenyewe nilikuwa siisikii. Mwalimu wa Hesabu, darasa la jirani, alikata tamaa akawaambia wanafunzi wake walale. Mimi sikukubali. Nikaendelea kusoma sentensi zangu moja baada ya nyingine, na vitambaa vikawa vinanyanyuka. Nikisoma amri, darasa jekundu. Nikisoma ya kutamani, bluu tupu. Hakuna aliyekosea. Nilibaki mdomo wazi mbele ya wanafunzi wangu.

Mkuu alikuwa anapita na mwavuli. Akasimama dirishani, akatazama, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaenda zake. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba.

Alhamisi, 27 Machi

Jambo la ajabu kuhusu mama. Siku kavu nikimwita kutoka jikoni, haitiki. Leo mvua ilikuwa inaunguruma juu ya paa kiasi kwamba jirani aliyekuja kuchukua sketi yake alikuwa akipayuka kwa nguvu zote. Mimi nilikaa mkabala na mama tukaongea kama kawaida. Alinisikia kila neno. Kwa hiyo anasikia anapotaka. Hili limeniuma kuliko angekuwa haongei na mimi kabisa.

Na ana tabia mpya. Asubuhi, hata bati likiwa linapigwa na mvua mpaka vikombe vinatetemeka, yeye anakwenda kufunua pazia kwanza, ndipo aseme, "Kumbe inanyesha." Nadhani anachungulia majirani.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Bluu, nyekundu, nyeupe. Hakuna aliyekosea.

Jumanne, 8 Aprili

Mwalimu wa Hesabu alinikuta chumba cha walimu, akaniuliza kama nimewahi kuwajaribu kwa karatasi. Nikamwambia mashine imekufa. Akasema angeweza kunisaidia kuandika maswali kwa mkono. Ni mtu mrefu, mpole, anakunywa chai yake amesimama kama anasubiri basi. Nikamjibu kwamba lugha ni sikio, siyo hesabu za kujumlisha kwenye karatasi. Akasema sawa.

Nimemwelewa. Wake wanalala mvua ikinyesha na wangu wanajifunza, kijicho kimemshika.

Jumanne, 15 Aprili

Mkuu alileta wakuu wa shule jirani kuja kuona. Walisimama nyuma ya darasa wamekunja mikono. Nilisoma sentensi ngumu, nyingine hata sikuwa nimewafundisha. Vitambaa vikapanda kwa pamoja kama vimefungwa kamba moja. Mmoja wa wakuu wale alisema wazi kwamba hajawahi kuona kitu cha namna hii katika miaka yake yote ya kazi. Mkuu akanishika bega mbele ya watu. Alisema mtihani wa pamoja sasa ni wa kutimiza wajibu tu, barua yangu iko njiani.

Nilikwenda nyumbani nikaingia nikisema habari hizo kuanzia mlangoni, nikivua viatu, mgongo kwa mama. Nilipogeuka alikuwa anashona. "Umerudi?" akaniuliza. Nilimwamkia shikamoo badala ya kulia, nikaenda chumbani.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae, maana sijui nianzie wapi.

Nimeamka sina sauti. Mafua ya mvua yamenikaba koo, hata mnong'ono hautoki. Nilimwomba mama chumvi ya kusukutulia, akanijibu imeisha, nipitie dukani. Nikapitia, nikaenda kazini. Mwalimu wa Hesabu aliniona nahangaika kwa ishara, akasema kipindi cha kwanza hana somo, atanisomea sentensi. Nikampa kitabu changu, mimi nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilitaka na yeye ajionee.

Alisoma sentensi ya kwanza. Ni nyepesi, ya kuamuru mtu afunge mlango. Alisoma vizuri, kwa sauti nzito, bila papara. Hakuna kitambaa kilichonyanyuka. Darasa zima lilikuwa linamtazama usoni. Halafu kimoja kikapanda, cheupe. Kingine, bluu. Kisha vikapanda vyote ovyo, rangi zote, kama kamba ya nguo za familia kubwa. Mwalimu wa Hesabu akainua macho, akadhani amesoma vibaya, akarudia. Ikawa mbaya zaidi.

Akasoma ya pili. Na hapo ndipo moyo wangu ulipofanya paa. Vichwa vyote viligeuka nyuma. Vyote. Walinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshtuka, nimekunja uso, na kidevu nimekiinua. Wakaniona, wakageuka mbele, wakanyanyua nyekundu darasa zima. Sentensi ilikuwa ya kuarifu tu kwamba mvua ilinyesha jana.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu wa Hesabu hakucheka. Alifunga kitabu taratibu, akawaambia waende maktaba, akaja kusimama karibu nami. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawasikilizi kitenzi. Wanakusoma wewe."

Mwanafunzi mmoja alibaki. Wenzake wanamwita Wakili, maana hakuna kosa la darasa ambalo hajawahi kulitetea. Nikamwandikia ubaoni: tangu lini? Akaniangalia kwa huruma, kwa kweli kwa huruma, akasema tangu mvua. Walikuwa hawasikii neno. Bati lilikuwa linapiga kelele na mimi sikutaka kuacha, kwa hiyo waliangalia. Nikiamuru, kidevu juu, mkono kiunoni. Nikiarifu, nafuta chaki kwenye sketi. Kisha akasita. Nikamwashiria aendelee.

"Ikiwa ya kutamani, Mwalimu, unaangalia dirishani."

Akasema hawakukusudia kudanganya. Walidhani ndivyo somo lilivyo.

Nimerudi nyumbani mchana. Mama alikuwa mezani anachora kitambaa kwa chaki. Nikaketi mbele yake nikammwagia yote: vitambaa, vichwa kugeuka, Mkuu, wale wageni, barua iliyo njiani, kwamba darasa halijui kitu na mtihani ni mwezi ujao. Alikuwa akiitikia. Akauliza kama Mkuu ameshajua. Nikasema bado. Akauliza huyo wa Hesabu anaweza kunyamaza. Nikasema nadhani. Akasema basi bado kuna muda, nisilie.

Nikafungua mdomo kumjibu, na nikanyamaza hapo hapo.

Sikuwa na sauti. Tangu asubuhi sikuwa nimetoa hata mlio. Yote niliyomwambia, neno kwa neno, niliyasema kwa midomo mitupu, na mama yangu aliyaelewa yote bila kuniuliza sauti yangu imekwenda wapi.

Niliinuka kama nakwenda kunywa maji. Nikapita nyuma yake. Juu ya jiko kulikuwa na mfuniko wa sufuria kubwa, ule wa bati. Niliuachia kwenye sakafu ya saruji. Ulipiga ukelele, ukazunguka, ukazunguka tena, ukalala. Paka wa jirani alitoka mbio dirishani. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alifumba jicho moja, akapitisha uzi, akavuta.

Yakaanza kunirudia moja moja. Jikoni ile ile nilipokuwa nikimwita na kumnunia. Mikono mirefu ya gauni la yule mteja, ambaye bila shaka aliagiza mifupi wakati anapimwa, mgongo kwa mama. Pazia la asubuhi. Nilidhani hajanisamehe. Kumbe hanisikii.

Jumatano, 23 Aprili

Sijamwambia kitu. Sauti bado haijarudi. Mkuu kaniuliza maendeleo, nikaonyesha koo.

Alhamisi, 24 Aprili

Sauti imerudi kidogo. Nimewapa darasa mgongo. Nasoma sentensi nikitazama ubao, mikono nimeifunga mbele. Mwalimu wa Hesabu ndiye aliyenishauri, na anasimama mlangoni kuhesabu rangi kwa niaba yangu. Nilimwomba radhi kwa yale ya sikio na hesabu. Akasema hata hakumbuki.

Matokeo ya leo ni msiba. Kijana wa nyuma kauliza kama nimewakasirikia. Wakili akamjibu kwamba Mwalimu hajakasirika, anajificha.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilimfuata mama kwenye cherehani asubuhi, nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema moja tu, kwamba nimejua.

Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi. Akaniuliza nimejuaje, nikamsimulia mfuniko. Akacheka, mama yangu, mpaka machozi, akasema alishangaa yule paka amepatwa na nini.

Kisha akaacha kucheka. "Siku moja nilidhani cherehani imeharibika," akasema. "Inashona, lakini kimya. Nikamwita fundi. Akaikanyaga, akaniambia mama, hii inapiga kelele kama treni. Akaniangalia. Nikamlipa, nikamwambia asante umeitengeneza."

Hiyo ilikuwa kabla sijarudi nyumbani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, akasema mambo mawili. Wateja wakijua fundi hasikii watampelekea mwingine vitambaa vyao. Na anakumbuka jinsi mama yake, bibi yangu, alivyozeeka na kuanza kupigiwa makelele na kila mtu ndani ya nyumba, hata akiombwa apishe njia. Hakutaka kupigiwa makelele na mimi.

Nikamwambia mimi nilidhani amenuna kwa sababu ya ndoa yangu. Akanitazama kana kwamba nimeongea lugha nyingine.

"Yule mwanamume? Mimi nilishangaa ulivyochelewa."

Nilishtuka mpaka nikacheka. Miezi yote hii nimebeba mzigo ambao haukuwepo. Amekubali twende hospitali kwa daktari wa masikio mtihani ukiisha. Ametoa sharti: nisipaze sauti, nikae mbele tu.

Jumatano, 30 Aprili

Mgongo. Rangi ovyo. Mvua.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua ikizidi, tunaacha kusoma kwa sauti. Naandika sentensi ubaoni, natoka nje kabisa, nasimama barazani wasinione. Mwalimu wa Hesabu ananiandikia maswali kwa mkono kama alivyoahidi, kwa mwandiko mzuri wa kushangaza. Madaftari yametoka likizo. Nasahihisha mchana kutwa mpaka vidole vina wino.

Nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza yote, kwamba wageni wake waliona mchezo wa macho. Akauliza nani mwingine anajua. Akasema barua aliyokuwa anaandika ataiweka kwanza. Sauti yake ndogo ilikuwa ndogo zaidi.

Ijumaa, 16 Mei

Kijana wa baba yake, yule wa amri, leo ameandika daftarini kwamba "If I were you" ni ya kutamani, kwa sababu baba si yeye na hatakuwa yeye. Nimemwekea alama kubwa nikatoka nje kupumua.

Ijumaa, 23 Mei

Mtihani wa pamoja. Karatasi zimetoka shule jirani, na wasimamizi wa kwao pia. Mimi nimezuiwa kuingia. Nilipita mbali na madirisha, nikaona vichwa vimeinama mezani. Hakuna aliyeinua uso kutafuta mtu. Sijui kama ni dalili njema.

Jumatatu, 26 Mei

Daktari amesema sikio la kushoto limekwisha, la kulia lina kidogo, kifaa kinaweza kusaidia. Mama alimjibu kila swali mpaka daktari alipogeuka kuandika na kuendelea kuongea. Akabaki anatabasamia kisogo chake. Niligeuza kiti cha daktari. Sikuomba ruhusa.

Ijumaa, 30 Mei

Matokeo yametoka. Mkuu aliniita ofisini na kunisukumia karatasi. Zaidi ya nusu wamepita swali la hali za kitenzi. Wakili kapata yote. Kijana wa amri kapata nusu, na amezidiwa na sentensi za maombi ya heshima, ambazo hata mimi hunitatiza. Waliobaki wameanguka. Mkuu alisema mwaka jana hakupita hata mmoja, na kwamba wakuu wa shule jirani wamekuwa wakimpigia simu kumcheka. Hawezi kunithibitisha. Wala hanifukuzi. Ananiongezea muhula mmoja wa majaribio, na mashine ya kurudufu itanunuliwa mpya. Hakutabasamu, na nilimwamini zaidi kwa hilo.

Darasani waliniuliza matokeo. Nilijaribu kusimama bila kidevu, bila mkono kiunoni. Wakili akasema, "Mwalimu, sema tu. Leo tutasikiliza." Nikawaambia. Waliopita hawakushangilia, wakawasubiri wenzao. Mwalimu wa Hesabu alikuwa barazani na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa changu. Tulikunywa tumesimama.

Nimefika nyumbani mchana. Mlango ulikuwa wazi, mama yuko kwenye cherehani, pazia limeshuka. Nikasimama kizingitini nikiwa bado na mkoba begani. Sikuwa nimefungua mdomo. Mama aliinua macho, mguu ukaacha kukanyaga.

"Wamekuongezea muhula," akasema.

Nilishtuka. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Hapo hapo ulipo."

Alivuta kigoda kwa mguu mpaka mbele yake, nikakaa, akataka nimsimulie vizuri tangu mwanzo, nani kapita na nani kaanguka. Nilipofika kwa Wakili, mvua ikaanza juu ya bati, ya ghafla, ile ya kufunga msimu. Yeye alikuwa ananitazama midomo, hajui. Nikauchukua mkono wake, nikaulaza mezani, nikapiga meza kando yake kwa vidole vyote kumi, kwa kasi ile ile iliyokuwa juu yetu.

Aliisikia mkononi. Akasikiliza kidogo.

"Kubwa hiyo," akasema. "Sasa umekaa tu, na nguo ziko kambani?"